Monita ya Kamera: Kuichagua na Kuifunga

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi kaka zetu mliokwisha kumaliza shule, mtakumbuka kuwa mwaka jana mlikipa Chama chetu cha Picha zawadi ya kamera ya video pamoja na mlingoti wa kuitulizia. Baadhi yenu mmeniuliza imekuwaje zawadi nzuri namna ile, na bado harusi ya kwanza tuliyoipiga ikaharibika. Nimeona vema nijibu hapa gazetini, kwa kuwa kosa lilikuwa langu, nalo lilitokana na kitu kidogo ambacho tulikinunua bila kufikiri: kile kioo cha kutazamia picha, yaani monita.

Kwanza nieleze chombo chenyewe. Mlingoti wetu (ndivyo tunavyouita chamani) ni fimbo ya alumini. Juu yake hukaa kamera. Chini yake huwekwa vitu vya kulipinga tani la kamera: monita upande wa mbele, betri na vyuma vizito upande wa nyuma. Katikati, karibu na juu, pana kiungo chenye beringi, na hapo ndipo mkono unaposhika. Mtu akitembea mkono wake hutikisika, lakini beringi haziupitishi mtikisiko ule kwenye fimbo. Tena, kwa kuwa uzito umetawanywa mbali na kiungo, fimbo huwa nzito kugeuka. Aliyewahi kubeba nguzo ndefu begani atanielewa mara moja: kuanza kuigeuza ni kazi, na ikianza kugeuka, kuisimamisha ni kazi vile vile.

Aliyebuni chombo cha namna hii ni Mmarekani Garrett Brown, katika miaka ya 1970, nacho kikaitwa Steadicam. Kilitumika katika filamu ya Bound for Glory iliyotoka mwaka 1976, na katika Rocky ya mwaka ule ule. Brown alikuta shida moja mapema sana. Mpiga picha wa kawaida hubandika jicho kwenye kamera. Lakini jicho likiigusa kamera iliyotulizwa, kamera hutikisika na kazi yote imekuwa bure. Mwanzoni alijaribu kuileta picha jichoni kwa kamba ya nyuzi za kioo, kisha akaweka televisheni ndogo kwenye fimbo yenyewe. Televisheni zile zikawa za rangi moja tu, ya kijani, maana jicho la mwanadamu huiona kijani kwa wepesi kuliko rangi nyingine, na wapiga picha walihitaji kuona juani. Basi tangu mwanzo jua lilikuwa adui wa kazi hii. Laiti ningalijua hayo kabla ya harusi!

Harusi ilikuwa Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, kwenye yale makazi ya wakimbizi ambako mimi na wenzangu kadhaa wa shule hii tuna wazazi. Bibi harusi ana kaka wawili waliokwisha pelekwa Marekani, nao hawakuweza kurudi. Mama yake aliniita jioni ya kuamkia siku ile akaniambia, “Mwanangu, chakula kikipungua watu watasamehe. Lakini kaka zake lazima wamwone akiingia kanisani.” Nikamjibu, “Usiwe na wasiwasi, mama.”

Saa sita ya mchana msafara ukatoka nyumbani kwa nyimbo na vigelegele. Lenzi yetu ni ya zamani, hurekebishwa kwa mkono. Mtu huweka kipimo cha umbali kisha hutembea akiwa mbali vile vile na anayepigwa picha. Nilianza kurudi nyuma mbele ya bibi harusi, nikautazama ule monita, na humo sikuona kitu ila shati langu. Shati jeupe la shule, limefuliwa na kupigwa pasi kwa heshima ya siku hiyo! Nilijua bibi harusi yumo katikati ya picha kwa kuwa niliona kivuli cha shela yake, lakini kama uso wake ulikuwa mkali au wenye ukungu sikuweza kusema. Tulipofungua picha usiku, migomba iliyo nyuma yake ilionekana jani kwa jani, naye alikuwa wingu jeupe linalotembea. Gauni lilikuwa la kukodi kutoka Mbarara, na asubuhi ile lilikuwa limekwisha rudishwa. Mama yake alitazama mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza, “Sasa hawa watamwona wapi?”

Nililiuliza swali hili kwa mwalimu wetu wa fizikia, naye akanifanyisha hesabu. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Niti moja ni kandela moja kwa kila mita ya mraba. Monita tuliyonunua ilitoa niti 400, nayo ndani ya nyumba ilitupendeza mno. Sasa tazama upande wa pili. Sisi tuko chini ya digrii moja kusini ya mstari wa Ikweta. Jua la saa sita likitoka wazi huleta mwanga wa karibu luksi 100,000. Kitambaa cheupe kikipigwa na mwanga huo hurudisha kama niti 25,000. Kioo cha kawaida hurudisha karibu sehemu 4 katika kila 100 ya mwanga ukipigao. Kwa hiyo shati langu ndani ya kile kioo lilikuwa na niti 1,000, na bibi harusi, hata pale gauni lake lilipong’aa kwa nguvu zote, alikuwa na niti 400. Shati lilimshinda zaidi ya mara mbili.

Hesabu hiyo yatufundisha kuchagua, na pia yatufundisha kuvaa. Kwa kazi ya nje mchana, tafuta monita yenye niti 1,000 au zaidi. Zipo hata za 2,000, ila hizo hula betri na kupata joto. Lakini ukivaa shati la rangi nyeusi au buluu nzito, lile linalorudisha sehemu 5 tu katika 100, mwanga wake kiooni hushuka hadi niti 60 au 70, na hata monita ya 400 huanza kuonekana. Tena inamisha kioo vizuri. Kikiinuliwa mno chaonyesha mbingu. Kikielekezwa machoni pako chaonyesha uso wako. Kikishushwa kidogo tu chaonyesha kifua chako chenye shati jeusi, na hapo picha hutokea. Kofia ya plastiki nyeusi kuzunguka kioo husaidia pia, bali upepo ukivuma kofia hiyo huwa tanga la jahazi na kuuzungusha mlingoti. Mimi nimeiacha.

Juu ya ukubwa, watu hubishana. Kioo hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Cha inchi 5 ni chepesi na rahisi, lakini kumbuka kwamba kwenye mlingoti kioo hakiko usoni pako, kiko chini karibu na goti, umbali unaokaribia mita moja. Cha inchi 7 kina eneo karibu mara mbili ya cha inchi 5, kwa kuwa saba mara saba ni 49, na tano mara tano ni 25. Mimi nachagua cha inchi 7. Uzito wake si hasara, maana huku chini uzito unahitajika. Ni afadhali kubeba kioo kuliko kubeba chuma kisichoonyesha kitu. Kwa wenye zile mashine mpya za mota, shauri ni jingine: huko monita hufungwa kwenye mpini, wala si kwenye sehemu inayozunguka, maana mota zikitwishwa mzigo usiokuwa wake hutetemeka.

Betri nayo yataka hesabu, hasa Nakivale, ambako wengi wetu huchaji kwa umeme wa jua na kusubiri zamu kibandani. Betri ndogo za monita nyingi huwa na volti 7.4 na ampea-saa 2.2, yaani wati-saa 16. Monita ikila wati 8, utapata saa mbili. Harusi ya kwetu haiishi kwa saa mbili! Betri kubwa ya umbo lile lile yenye ampea-saa 6.6 hutoa wati-saa 49, nayo hufika saa sita. Chukua hiyo. Na kabla ya kulipa dukani, uliza kama monita ina kipengele cha kuchora mistari ya rangi pembezoni mwa vitu vilivyo vikali, kwani hicho ndicho kitakachokuambia kama uso au migomba ndiyo iliyoshikwa na lenzi. Jambo jingine ni kupunga mkono mbele ya lenzi huku ukitazama kioo: mkono wa kiooni ukichelewa kuonekana, utamgonga mtu mlangoni ukidhani bado hajafika.

Sasa kufunga. Mkono wa kushikia monita ulioletwa pamoja nayo ulikuwa na kichwa cha duara, unakaza kwa skrubu moja. Ukitembea hatua mia moja, kioo kimeinama. Nilikwenda nao Mbarara, nikazunguka High Street bila kupata mwingine wa kufaa, mwisho nikaingia kwa fundi mmoja anayetengeneza madirisha ya alumini. Akaugeuza mara mbili mkononi.

“Kijana, kitu hiki kinabeba nini?”

“Kioo cha kamera, mzee. Kama nusu kilo.”

“Na kimeshikwa kwa skrubu moja? Hata bawaba ya dirisha siifungi kwa skrubu moja.”

Akakata bapa la alumini kutoka katika mabaki yake, akalikunja, akatoboa matundu mawili. Skrubu za vyombo vya picha ni za robo inchi, nyuzi 20 kwa kila inchi, na ukilazimisha skrubu ya milimita 6 utaharibu tundu la monita kwa siku moja. Nilikuwa nimechukua moja kwa kielelezo, nashukuru. Tundu la kwanza likashika skrubu kuu, la pili likashika kipini cha kuzuia kioo kisizunguke. Kati ya alumini na monita tuliweka washa ya mpira iliyokatwa katika tyubu ya baiskeli. Fundi hakutaka malipo ila ya matundu.

Waya wa picha nao uwe mwembamba na laini. Waya mnene wa HDMI una nguvu ya springi. Huusukuma mlingoti upande mmoja hata kama mizani yako ni kamili. Uteremshe sambamba na fimbo, ufunge kwa uzi kila baada ya shubiri moja, na kwenye tundu la kamera uache kitanzi kidogo ili waya ukivutwa usilipasue tundu.

Kisha mizani. Hapa kanuni ni ile ya wenzo tuliyoisoma kidato cha pili. Monita yetu pamoja na mkono wake ni gramu 400, nayo imekaa sentimeta 20 mbele ya fimbo: 400 mara 20 ni 8,000. Betri na vyuma vya nyuma ni gramu 500, basi vikae sentimeta 16 nyuma, kwa kuwa 500 mara 16 ni 8,000. Ukiisogeza monita mbele sentimeta 3 ili uione vizuri, upande wa mbele umekuwa 9,200, na betri yapasa irudi hadi sentimeta 18 na milimita 4.

Hayo ni kwa mlingoti uliosimama. Ukiuzungusha, hesabu hiyo peke yake haitoshi, na hapa ndipo tulipopoteza Jumamosi tatu. Tulikuwa tumeinua monita sentimeta 10 juu ya betri ili iwe karibu na macho, mlingoti ukasimama wima kabisa, lakini ukizungushwa uliyumba kama pia inayokaribia kuanguka. Sababu ni kwamba vitu viwili visivyo kimo kimoja, mbele na nyuma, huvuta fimbo kwa kupindana wakati wa mzunguko. Dawa yake ni kuirudisha kamera nyuma kidogo. Kamera yetu ni gramu 1,200, nayo iko sentimeta 50 juu ya betri. Ilibidi irudi sentimeta 1 na milimita 3 hivi, na betri ikasogezwa ndani kutoka 16 hadi karibu 13. Kuyumba kukaisha. Anayependa aipige hesabu hii mwenyewe, akichukua kila uzito mara umbali wake kutoka fimboni, mara kimo chake.

Mwisho laza mlingoti ukiwa sambamba na ardhi, uuachie. Ukishuka mpaka wima kwa sekunde 2 hadi 3, umefaa. Ukishuka upesi zaidi, chini ni kuzito, nao utabembea kila unaposimama ghafla; punguza chuma. Yote hayo yafanywe kamera ikiwa na lenzi, kadi na betri zake, maana hata kifuniko cha lenzi kikiondolewa baadaye hubadilisha mambo.

Mwezi uliopita yule mama alituita tena, safari hii kwa ubatizo wa mjukuu wake, mtoto wa bibi harusi yule yule. Nilivaa shati la buluu nzito la baba yangu. Nje ya kanisa, saa tano na nusu, niliona kope za mtoto kiooni. Mama alitazama picha zile mara mbili, akaniomba simu, akazituma mwenyewe.

Mlingoti uko katika kabati la maabara, na mazoezi ni kila Jumamosi baada ya kufagia. Waya wa picha tulio nao ni mmoja tu, nao umeanza kulegea upande wa kamera. Kaka yeyote aliye Kampala au kwingineko mwenye waya mwembamba wa nusu mita atakuwa ametusaidia sana.