SOMO LA MUAMALA: MKATABA UANDIKWE, NA UELEWEKE



 Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema Mtume wetu (S.A.W.), tumeona tuzungumzie mikataba. Mzazi mmoja alitujia madrasani na karatasi mkononi. Alikopa mtaji, akaweka dole gumba, na karatasi yote ilikuwa ya Kiingereza. Tulipomsomea ndipo alipojua kuwa ameweka rehani nyumba ya watoto wake, na kwamba deni linaongezeka kila wiki. Ndiyo mikopo ambayo watu huiita "kausha damu".

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu deni. Tunajifunza humo kuwa:

1. Deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, na muda wake utajwe.
2. Mwandishi awe mwadilifu.
3. Anayedaiwa ndiye aimlishe. Asipoweza, msimamizi wake aimlishe kwa haki.
4. Wawepo mashahidi.

Tuitazame sana nukta ya tatu. Kwa nini asiimlishe tajiri mwenye mali? Kwa sababu anayedaiwa ndiye anayekiri deni, na mtu hawezi kukiri asichokielewa. Mtume (S.A.W.) pia alikataza biashara ya gharar, yaani yenye mambo yaliyofichika.

Sisi watu wa Tabora tuna la kukumbuka. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kwenda Ujiji ilipita Usagara. Huko Msovero, Novemba 1884, Chifu Mangungo alitia alama yake kwenye mkataba wa Mjerumani Carl Peters. Uliandikwa kwa Kijerumani, lugha asiyoijua. Alidhani ni urafiki, kumbe karatasi ilisema ametoa nchi yake. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazipa nguvu karatasi za namna hiyo. Mpaka leo mkataba mbaya tunauita "mkataba wa Mangungo".

Mwaka 2021 sheria yetu ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Ni neema, lakini Kiswahili nacho huweza kuficha. "Dhamana itashughulikiwa kwa mujibu wa masharti" maana yake ni "usipolipa, nyumba yako itauzwa". Basi kwa nini isiandikwe hivyo? Tufahamu pia kuwa lugha nyepesi haihalalishi riba. Humwonesha mtu riba ilipo ili aikimbie.

Mfano wa hati nzuri:

"Mimi Amri nimekopa kwa Zaidi shilingi 200,000 (laki mbili) leo. Nitamlipa shilingi 200,000, bila nyongeza, baada ya kuvuna karanga, kabla ya tarehe 30 Juni. Nimesomewa, nimeelewa." Kisha tarehe, sahihi za wote wawili na za mashahidi.

Wanafunzi, ninyi mnaojua kusoma ndio macho ya wazazi wenu. Karatasi ikija nyumbani, isomeni kwa sauti kabla dole halijagusa wino. Neno msilolielewa, ulizeni. Mwenye karatasi akikasirika kwa kuulizwa, mwambieni mama asitie sahihi.

ZOEZI
1. Kwa nini anayedaiwa ndiye aimlishe?
2. Andika hati ya deni la baiskeli, kisha msomee bibi au babu. Asipoelewa, iandike upya.

Wabillahi tawfiiq.