Kabla ya Kupanda Ekari ya Nyanya, Pima Kisima Chako

Vijana wenzangu wa Musoma, Bunda na Butiama, kauli hii naisikia kila msimu: "Afisa, kisima changu kipo karibu na tindiga, maji hayawezi kuisha." Ikifika mwezi wa nane, nyanya ziko kwenye maua, pampu inavuta tope.

Tuelewe kwanza. Ardhioevu ni kama sponji. Mto Mara unatoka Mau, Kenya, na kabla ya kuingia Ziwa Victoria maji yake yanatanda kwenye mafunjo ya Butiama, Rorya na Tarime. Masika yanajaza udongo, kiangazi maji yanashuka. Kumbuka pia kwamba mfinyanzi mweusi unashika maji mengi ila unayaachia polepole. Ndiyo maana kisima kinaweza kuwa jirani na mafunjo na bado kikachelewa kujaa.

Pima hivi:

1. Jioni ukizima pampu, shusha kamba yenye jiwe. Pima kutoka mdomo wa kisima hadi maji yalipo. Andika.
2. Alfajiri, kabla ya kuwasha pampu, pima tena. Tofauti ndiyo maji yaliyoingia usiku.
3. Rudia kila wiki, hasa Agosti na Septemba. Kipimo cha Mei kitakudanganya.

Sasa hesabu. Kisima chenye upana wa mita 1.2 kina lita kama 1,130 kwa kila mita ya maji. Yakipanda mita 2 usiku, umepata lita 2,260. Nyanya zilizokomaa wakati wa jua kali zinahitaji karibu milimita 5 kwa siku, yaani lita 20,000 kwa ekari. Hata mchana yakiingia kiasi hichohicho, robo ekari hujafikisha!

Kwa hiyo panda kulingana na kisima, siyo kulingana na mkopo. Tumia matone, weka matandazo, mwagilia asubuhi au jioni.

Usichimbe mtaro kukausha tindiga. Maji yakikimbilia mtoni, kisima chako na cha jirani vinashuka pamoja. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Na kama unafunga pampu kubwa, omba kwanza kibali Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria.

Kamba, jiwe na daftari unavyo. Anza jioni ya leo.