Somo la Kuogelea kwa Mtu Mzima

Huenda baadhi yenu mlioniona baharini siku za Jumamosi mlicheka moyoni mkasema, "Mwalimu mzima wa miaka 43 ataka nini majini?" Sikasiriki. Lakini Mhariri ameniomba somo, nami naona yafaa nieleze jambo hili, maana wazazi na walimu wenzangu wengi wana hali kama iliyokuwa yangu: twajua kuelea, twajua kutapatapa hadi kwenye ngalawa, lakini tukiambiwa tuogelee mita 100 pumzi hutwishia njiani.

Sababu iliyonisukuma ni hii. Mwaka jana tulipowapeleka wanafunzi ufukoni, maji yalikuwa yakipwa, na mvulana mmoja wa Kidato cha Pili akachukuliwa na mkondo. Nilijitupa majini kwa pupa. Hata sikufika mita 30, nikawa sina nguvu tena. Mvuvi mwenye mtumbwi ndiye aliyemfikia yule kijana, kisha akarudi kunichukua mimi. Na dhamana ya watoto siku ile ilikuwa yangu.

Nilimwendea mwalimu wa michezo. Alinitazama nikiogelea mara moja tu, akasema, "Nguvu unazo, bwana, ila wazitumia kupigana na maji."

Maneno hayo ni kweli. Maji ni mazito kuliko hewa kadiri ya mara 800, kwa hiyo kazi ya kwanza si kuongeza nguvu bali ni kupunguza kizuizi. Mapafu yaliyojaa hewa hukielekeza kifua juu kama boya, lakini miguu haina boya. Mtu akiinua kichwa kutazama aendako, miguu huzama, na mwili mzima huwa kama ubao uliosimamishwa kukinga maji. Omo ikiinuka tezi huzama. Nani asiyejua kuwa chombo cha namna hiyo hakiendi? Basi, macho yatazame chini, shingo ilegee. Mimi kwa jambo hili moja nilipona nusu ya ugonjwa wangu.

Msomaji wa vitabu atanipinga kwamba Johnny Weissmuller wa Marekani, aliyekuwa mtu wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja, mwaka 1922, aliogelea kichwa juu. Naam, lakini mateke yake yaliweza kuubeba mwili ule. Yetu hayawezi.

Pumzi ndiyo iliyonitesa zaidi. Nilikuwa nikiibana majini, halafu nageuka nikitaka kutoa na kuvuta kwa mara moja, jambo lisilowezekana. Kumbe pumzi hutolewa polepole uso ukiwa ndani ya maji, mapovu yakitoka puani, na hewa huvutwa kwa kugeuza mwili pamoja na kichwa, sikio moja likibaki majini. Nilifanya mazoezi nyumbani kwa karai, hata mke wangu akaniuliza nimepoteza nini humo.

Mkono nao ni kafi. Usiusukume chini, kwani hivyo wajiinua tu. Kiwiko kibaki juu, vidole vielekee chini, kiganja na kigasha pamoja viyasukume maji nyuma. Mateke yawe madogo, yatoke nyongani, vifundo vya miguu vilegee. Sisi watu wazima hupiga teke kwa goti kana kwamba twaendesha baiskeli.

Ili ujue kama waendelea, hesabu mikono. Kati ya nguzo mbili za gati, kiasi cha mita 25, nilikuwa nikipiga mikono 34. Sasa ni 23. Hesabu kwenda na kurudi, usije ukajisifu kwa kazi ya mkondo.

Leo naogelea mita 200 bila kusimama, ingawa polepole. Yule kijana wa mtumbwi huja pia, naye hunipita.

Wazazi wanaopenda kujifunza na waje. Saa hufuata maji, kwa hiyo tangazo hubandikwa ubaoni kila Ijumaa. Siku za bamvua hatuingii. Asiogelee mtu peke yake, wala wanafunzi wasishindane kubana pumzi chini ya maji, maana hata waogeleaji hodari wamezimia na kufa kwa mchezo huo.