SOMA KABLA YA KUJIBU NDIYO

Ndugu msomaji, wazee wetu wengi walitia dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Wengine walipata hasara. Leo sisi tunasoma. Lakini je, tunasoma kabla ya kukubali? Kompyuta nayo inauliza swali hilo.

Programu ni maagizo yanayoifanya kompyuta itende kazi fulani, kama kuandika barua au kutunza hesabu. Katika mfumo wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, programu hufungwa katika vifurushi. Vifurushi hivyo vimo katika ghala kwenye intaneti. Tarishi wa kwenda ghalani anaitwa apt. Tunamtuma kwa kuandika amri.

KUWEKA PROGRAMU

Tuseme tunataka Gnumeric, programu ya hesabu.

1. Andika: sudo apt update
Kisha bonyeza Enter. Utadaiwa neno la siri. Unapoliandika halionekani. Usishtuke, endelea tu. Amri hii huleta orodha mpya ya vitu vya ghalani.

2. Andika: sudo apt install gnumeric
Apt italeta Gnumeric pamoja na vifurushi vinavyoitegemeza. Jembe bila mpini halilimi.

KUONDOA PROGRAMU

1. sudo apt remove gnumeric
Huiondoa programu. Daftari zako za hesabu zinabaki.

2. sudo apt autoremove
Huondoa vifurushi vilivyoletwa kwa ajili yake na sasa havina kazi.

HAPA NDIPO PA KUWA MACHO

Kabla ya kutenda, mara nyingi apt huonyesha orodha, halafu huuliza: Continue? [Y/n], au katika matoleo ya zamani, Do you want to continue? [Y/n]. Yaani, unataka kuendelea? Y ni ndiyo, n ni hapana. Ukibonyeza Enter bila kuandika kitu, umeshasema ndiyo!

Basi tafuta kwanza neno REMOVING, au REMOVED katika matoleo ya zamani. Chini yake kuna majina ya vitakavyoondolewa. Ukiona usichokijua, jibu n, kisha uliza.

Mwaka 2021 Linus Sebastian wa Kanada, mtu maarufu kwa video za kompyuta, alitaka kuweka Steam, programu ya michezo. Alitumia mfumo wa Pop!_OS, ambao nao una apt. Kifurushi kilikuwa na kasoro. Apt ikaonya kwamba vitu muhimu vitaondolewa, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kukubali. Akaiandika. Madirisha na picha vyote vikatoweka, yakabaki maandishi matupu kwenye kioo.

Mtu huyo hakukosa elimu ya kusoma. Alikuwa na haraka. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini apt huleta vifurushi zaidi ya kile ulichoomba?
2. Ukiona neno REMOVING au REMOVED utafanya nini?
3. Ni karatasi gani hapa kijijini tunazitia sahihi bila kuzisoma?