Kwa Nini Video Huchelewa Kupakuliwa

Kasi ya kupakua video huamuliwa na sehemu moja tu ya njia inayopita, ile nyembamba kuliko zote. Kati ya seva inayotunza video na simu inayoipokea kuna seva yenyewe, mkongo wa baharini, mitambo ya kampuni ya simu, mnara, ruta ya nyumbani, na mwisho kabisa hifadhi ya simu. Sehemu moja ikizidiwa, upana wa nyingine hausaidii kitu. Ndiyo maana mtu hununua bando kubwa zaidi na video ikaendelea kusuasua vilevile: bando la gigabaiti huongeza kiasi cha data, haliongezi kasi.

Malalamiko mengine hutokana na vipimo. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ilhali simu na kompyuta huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Laini ya megabiti 8 kwa sekunde hupakua megabaiti 1 kwa sekunde, tena pale kila kitu kinapokwenda vizuri. Filamu ya megabaiti 600 itachukua dakika 10. Aliyetarajia ishuke kwa dakika moja na robo hajaibiwa na mtu. Amechanganya biti na baiti.

Halafu kuna ukubwa wa video yenyewe. Picha moja ya 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, ya 720 ina kama 920,000, na ya 480 kama 410,000. Faili haipungui kwa uwiano huohuo kamili, maana ukubwa wake hutegemea pia namna ilivyobanwa: kwa ubora uleule, video iliyobanwa kwa AV1, mfumo wa mwaka 2018, huwa ndogo kuliko ya H.264 ya mwaka 2003. Hata hivyo, kushusha ubora ndiyo njia nafuu kuliko zote za kuharakisha kazi. Kwenye kioo cha simu, 480 inatosha kabisa kwa mahubiri, hotuba au somo la hesabu. 1080 iachiwe mpira.

Mnara wa simu hugawa uwezo wake kwa wote walioushika kwa wakati huo. Jioni, watu wanaporudi nyumbani, hali huwa kama ya bomba la mtaa ambalo kila nyumba imelifungulia kwa pamoja. Faili iliyohangaika saa 2 usiku huweza kushuka bila shida saa 10 alfajiri, kwa simu ileile na laini ileile. Ndani ya nyumba, waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini hugombana na ruta za majirani na hata jiko la maikrowevu. Ya gigahezi 5 ina kasi zaidi, ila ukuta wa tofali huidhoofisha mapema.

Umbali wa seva nao una uzito zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mtumaji hupeleka fungu la data, kisha husubiri taarifa kwamba limefika kabla ya kuendelea. Ikiwa seva inaruhusu kilobaiti 64 tu ziwe njiani kwa wakati mmoja, na taarifa huchukua milisekunde 200 kurudi, basi kasi haitazidi kilobaiti 320 kwa sekunde, hata laini iwe pana namna gani. Seva nyingi za leo huruhusu zaidi ya hapo, lakini za kizamani bado zipo. Kampuni kubwa kama Google na Netflix huweka nakala za video zinazopendwa ndani ya mitandao ya watoa huduma, karibu na watazamaji. Tovuti ndogo yenye seva moja Marekani haina nakala hizo, na kila baiti yake lazima ivuke bahari. Mkongo nao hukatika: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom iliharibika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani.

Wakati mwingine seva hupunguza kasi kwa makusudi. Baadhi ya tovuti hutoa video kwa mwendo unaozidi kidogo tu ule wa kuitazama, kwa kuwa watazamaji wengi huondoka kabla haijaisha. Programu za kupakua zinazofungua njia kadhaa kwa mpigo husaidia pale tu ambapo kikomo kimewekwa kwa kila njia. Penye kitufe rasmi cha kupakua ndani ya programu ya tovuti, ni bora kukitumia, kwa sababu za kisheria pia.

Kujua tatizo lilipo hakuhitaji fundi. Kwanza isimamishwe kazi nyingine yoyote inayokula data, hasa picha zinazopandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni na programu zinazojisasisha, kisha kasi ipimwe. Kipimo kikiwa kizuri na video bado inasuasua, tatizo liko kwenye seva au njia ya kuifikia, maana vipimo vingi hutumia seva ya karibu. Kikiwa kibaya, simu isogezwe karibu na ruta na kupimwa tena, halafu waifai izimwe na itumike data ya laini. VPN ikiwa imewashwa, izimwe. Memori kadi nayo ichunguzwe: ya daraja la 4 imehakikishiwa kuandika megabaiti 4 tu kwa sekunde.

Upakuaji ukikatika katikati, usifutwe haraka. Seva nyingi huruhusu faili kuendelea pale ilipoishia. Isiporuhusu, kazi huanza upya, na data iliyokwisha kutumika hairudi kwenye bando.