Vocha za elimu: mzazi achague shule, au shule imchague mtoto?

Vocha ya elimu ni nini?

Ni fedha ya umma inayomfuata mwanafunzi. Serikali humlipia mtoto ada, yote au sehemu yake, katika shule binafsi ambayo mzazi ameichagua. Mchumi wa Marekani, Milton Friedman, alilitetea wazo hili mwaka 1955, akiamini kuwa shule zikigombea wanafunzi zitafundisha vizuri zaidi.

Je, imekuwa hivyo?

Tutazame Chile, iliyoanza mwaka 1981 chini ya utawala wa kijeshi wa Pinochet. Wakati huo asilimia 15 hivi ya wanafunzi walikuwa katika shule binafsi zenye ruzuku. Baadaye wakapita nusu. Wachumi Chang-Tai Hsieh na Miguel Urquiola walipochambua takwimu za miaka ya mwanzo, hawakuona ushahidi kwamba wastani wa ufaulu wa nchi ulipanda. Walichokiona ni familia zenye nafuu kuzihama shule za manispaa na kuwaacha watoto wa maskini humo.

Kosa lilikuwa wapi?

Katika masharti. Shule ziliachwa zichuje watoto kwa usaili, na mwaka 1993 zikapata mwanya mpana wa kuwatoza wazazi ada juu ya vocha. Mama asiye na fedha ya nyongeza alikuwa na haki ya kuchagua kwenye karatasi tu. Tena, shule ikilipwa kiasi kilekile kwa kila mtoto, itamkwepa yule anayehitaji mwalimu wa ziada. Jambo hili linaniuma, kwa sababu mtoto huyo ndiye anayetajwa kila vocha zinapopigiwa debe.

Wanafunzi wa Chile waliandamana kuupinga mfumo huo mwaka 2006, wakarudi barabarani 2011. Sheria ya 2008 iliwaongezea watoto maskini ruzuku na kuzikataza shule zinazoipokea kuwatoza ada. Ile ya 2015 ilianza kuondoa usaili, ada za nyongeza na faida ya wamiliki.

Kwa hiyo vocha hazifai?

Sisemi hivyo. Colombia iliwapa vocha watoto wa mitaa maskini kuanzia 1991. Waombaji walipozidi nafasi, ilipigwa kura ya bahati nasibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa walioshinda kura walikuwa na uwezekano zaidi wa kumaliza darasa la nane kuliko walioshindwa, kwa pointi 10 hivi za asilimia.

Na Afrika Mashariki?

Uganda ilipoanzisha elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007, shule za serikali hazikutosha. Ikazilipa baadhi ya shule binafsi Sh 47,000 za Uganda kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Watoto wengi wa vijijini walipata nafasi, kisha mpango ukasitishwa taratibu, serikali ikielekeza nguvu katika kujenga shule zake.

Msomaji aulize nini mpango kama huu ukiletwa kwake?

Aulize kama shule itaruhusiwa kumkataa mtoto, kama itaruhusiwa kuomba michango juu ya vocha, na nani atakagua hesabu zake. Mbunge wako asipokuwa na majibu ya maswali hayo matatu, mwambie asiupigie kura muswada huo.