KUCHUJA MAJI YA KUNYWA KWA CHUMA NA MADINI MENGINE

Katika somo hili twataka kueleza jinsi chuma, fedha na shaba zinavyoweza kusafisha maji ya kunywa nyumbani, na mahali zinaposhindwa. Tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa sababu vichujio vya namna nyingi vyauzwa sasa madukani, na mtu asiyejua kazi ya kitu kilichomo ndani aweza kununua kisichomfaa. Kupoteza fedha ni jambo dogo; jambo kubwa ni mtoto kunywa maji mabaya ambayo wazazi wake wanayadhania kuwa safi.

Tutwae mfano wa Mbegani, karibu na Bagamoyo. Ukiacha maji ya bomba na ya mvua, pwani ile ina maji ya visima vya mchangani, na upande wa bara ya mji maji ya mto Ruvu. Maji ya mto wakati wa masika huwa mazito kwa tope. Maji ya visima huonekana meupe, lakini kisima kifupi kilicho karibu na choo huingiwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tena chini ya ardhi ya pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Watu wakichimba mno au wakiteka mno, chumvi hupanda. Basi adui ni watatu: tope, vijidudu na chumvi. Sharti kila mmoja ajulikane mbali, maana dawa ya huyu siyo dawa ya yule.

Kitambaa na mchanga hufanya kazi kama chekeche: huzuia kitu kikubwa na kupitisha kidogo. Chuma hakifanyi hivyo. Kila mkazi wa pwani ajua jinsi nanga na misumari ya jahazi inavyoliwa upesi na kutu. Sisi twaihesabu kutu kuwa hasara, lakini katika kichujio kutu ndiyo mtenda kazi. Chuma kikikutana na maji na hewa, sehemu yake ndogo huyeyuka, kisha hugeuka kuwa vipande laini vya rangi ya kahawia. Vipande hivyo hushika tope, vijidudu na baadhi ya sumu, navyo hunaswa pamoja na mzigo wao katika mchanga ulio chini yake. Aliyewahi kutumia shabu atafahamu mara moja. Shabu imetokana na madini ya alumini, nayo ikitiwa katika maji ya tope hukusanya uchafu hata ukatua chini ya mtungi. Tofauti yake ni kwamba shabu hutiwa kila mara, lakini chuma hujitoa chenyewe kidogo kidogo siku baada ya siku.

Maarifa haya si mapya. Katika mwaka 1881 mji wa Antwerp, katika nchi ya Ubelgiji, ulianza kupewa maji ya mto Nete yaliyopitishwa katika chuma chenye vitundu kama sifongo, kilichochanganywa na changarawe. Chuma hicho kilikuwa uvumbuzi wa Gustav Bischof. Maji yalitoka mazuri, lakini baada ya muda chuma kiligandamana kikawa kama jiwe, maji yasiweze kupita. Sababu yake ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Hata mwaka 1885 mhandisi William Anderson akaleta pipa kubwa lizungukalo, ambalo ndani yake vipande vya chuma huinuliwa na kuangushwa katika maji, visipate nafasi ya kushikana. Fundisho lake ni hili: kichujio cha chuma kitupu hakidumu. Sharti chuma kichanganywe na mchanga au changarawe, nacho kibadilishwe kikichoka.

Katika zama zetu kazi hii imeendelea sana katika Bangladesh na Nepal, ambako visima vingi vina sumu ya aseniki. Sumu hiyo haina rangi wala harufu, na Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wake kuwa miligramu 0.01 katika lita moja. Bwana Abul Hussam, mzaliwa wa Bangladesh, alitengeneza kichujio cha ndoo mbili chenye mchanga, chuma na makaa. Mwaka 2007 alipewa katika Marekani tuzo ya dola milioni moja kwa kazi hiyo. Huko Nepal watu waliweka misumari ya chuma, kadiri ya kilo 5, juu ya kichujio cha mchanga. Misumari huota kutu, kutu huishika aseniki, na mchanga huizuia kutu.

Fedha na shaba zina kazi nyingine. Hizi haziondoi tope, huua vijidudu. Katika mwaka 1981 Fernando Mazariegos wa Guatemala alitengeneza chungu cha kuchujia. Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na unga wa mbao au pumba. Chungu kikichomwa, unga huungua na kuacha vitundu vidogo sana, kisha hupakwa maji yenye chembe za fedha. Chungu cha namna hii hutoa lita 1 hata 3 kwa saa. Katika habari ya shaba, wataalamu wa India walieleza mwaka 2012 kwamba vijidudu vya kuharisha walivyovitia katika maji vilikufa baada ya maji kukaa saa 16 katika chombo cha shaba. Lakini maji ya ndimu au ya siki yasiwekwe humo, kwa sababu ukali huyeyusha shaba nyingi mno.

Katika Tanzania yetu, Dk. Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela, Arusha, alipata mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya uhandisi ya Afrika itolewayo na Royal Academy of Engineering ya London. Kichujio chake huunganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazochaguliwa kwa kufuata maji ya mahali. Na hivyo ndivyo ipasavyo, maana maji ya Arusha, yenye floridi nyingi iharibuyo meno na mifupa, hayafanani na maji ya Mbegani.

Sasa tuseme wazi jambo ambalo wauzaji wengine hulinyamazia. Chumvi ya kisima cha pwani haitolewi na chuma, wala fedha, wala shaba. Chumvi imeyeyuka katika maji kama sukari katika chai, nayo hupita pamoja nayo. Mtu mwenye kisima cha chumvi atafute maji mengine, au avune maji ya mvua kutoka bati la nyumba.

Basi twawaomba wakubwa wa vijiji na walimu wawaeleze watu mambo haya. Kwanza, maji yapimwe na wataalamu kabla ya kununua kichujio. Pili, asitokee mtu kutupa vyuma chakavu katika ndoo akidhani ameyasafisha maji; chuma chenye rangi, mafuta, zinki au risasi huweza kutia sumu mpya. Tatu, maji yakitoka na rangi ya kahawia au yakipita polepole mno, mchanga uoshwe au chuma kibadilishwe. Nne, maji yaliyochujwa kwa chuma yachemshwe hata yatokote dakika moja, au yatiwe klorini kwa kipimo. Klorini hufanya kazi vizuri zaidi katika maji yaliyokwisha kutolewa tope. Tano, yawekwe katika chombo chenye kifuniko na kutekwa kwa kata yenye mpini, mikono isiguse maji.

Kichujio ni msaidizi mwema kwa mtu ajuaye kazi yake. Lakini asiyeijua hulala bila hofu, na hatari ingali ndani ya mtungi.